Akili Mnemba Imevifumania Vyuo Vikuu

Tangu ChatGPT, mashine ya akili mnemba inayotunga maandishi, ifunguliwe kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, mjadala kuhusu vyuo vikuu umekuwa ukizunguka palepale. Mhadhiri anatoa kazi ya insha, siku ya kukusanya anapokea kurasa zilizonyooka ambazo hana hakika zimeandikwa na nani. Baadhi ya vyuo vimerudi kwenye mtihani wa kalamu na karatasi, vingine vimenunua programu za kunasa maandishi ya mashine, na vingine vimetunga harakaharaka kozi ya "matumizi bora ya akili mnemba" na kuipachika mwaka wa kwanza, pale zilipokuwa kozi za uandishi, mantiki na mawasiliano. Nje ya vyuo maneno ni makali zaidi. Kama mashine inaandika, inafupisha, inapanga hoja na kukokotoa, ya nini mwanafunzi wa uhandisi au uuguzi kupotezewa muda na elimu ya jumla? Afundishwe fani yake, apewe shahada, aende kazini.

Nadhani mjadala huu umeshika mkia ukaacha kichwa. Stadi za jumla hazijauawa na mashine. Kilichotokea ni fumanizi. Kwa miaka mingi vyuo vilikusanya karatasi na kuzihesabu kuwa ushahidi wa kufikiri, na mashine ilipoweza kuzalisha karatasi zilezile bila kufikiri lolote, ikabainika kwamba kilichokuwa kikipimwa muda wote ni karatasi. Stadi zenyewe, yaani kusoma kwa makini, kuandika ukaeleweka, kupima maana ya tarakimu, kuhoji chanzo cha habari, kusikiliza hoja usiyoipenda hadi mwisho kabla ya kuijibu, zinatakiwa leo kuliko jana. Ila hazifundishiki kwa kozi moja ya muhula mmoja, iwe ya mawasiliano au ya akili mnemba. Zinakua ndani ya fani, kwa kusahihishwa tena na tena, na mtu anayeijua fani hiyo. Hili la mwisho ndilo vyuo vingi havijalifanya, na ndilo ninalotaka kulitetea hapa.

Wazo la kumpa mwanafunzi kitu kipana zaidi ya fani yake ni la kale. Vyuo vikuu vya Ulaya ya zama za kati vilimpitisha kijana kwanza kwenye sarufi, mantiki na balagha (ufundi wa kushawishi kwa maneno), kisha hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota, ndipo wakamruhusu kugusa sheria, tiba au theolojia. Mpangilio huo ulikuwa na maana ya kikazi: mwanasheria asiyejua kuijenga hoja angeishia kuwa karani. Mwaka 1828 maprofesa wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, wakijibu shinikizo la kuondoa Kilatini na Kigiriki, waliandika kwamba elimu ya chuo ina makusudi mawili, kuizoeza akili na kuijaza maarifa, na kwamba la kwanza ndilo kubwa. Charles Eliot, aliyeanza kuiongoza Harvard mwaka 1869, akaelekea upande mwingine kabisa na kumwachia mwanafunzi achague masomo atakayo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mambo yakageuka tena: mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Columbia kilianzisha kozi ya lazima kwa wote kuhusu ustaarabu wa kisasa, na mwaka 1945 kamati ya Harvard ikatoa ripoti iliyolifanya neno "elimu ya jumla" kuwa la kawaida katika mitaala ya Marekani. Uingereza haikupita njia hiyo. Kule anayesomea sheria huanza sheria siku ya kwanza, kwa dhana kwamba mambo ya jumla aliyamaliza sekondari.

Nchi nyingi nyingine zimechanganya mifumo hii miwili, na kwa maoni yangu zimefanikiwa zaidi kurithi kasoro za yote kuliko faida zake. Mwanafunzi anaingia kwenye fani tangu mwanzo kama Uingereza, kisha anabandikwa kozi mbili tatu za lazima kama Marekani. Kozi hizo hufundishwa kwenye ukumbi mkubwa, watu mamia kutoka fani zote, mhadhiri wa mkataba wa muda, mtihani wa kuchagua a, b, c au d. Wanafunzi wanazijua ni kozi za aina gani: za kupita tu. Unafundishwa sifa za mawasiliano bora, unazikariri, unaziandika kwenye mtihani, unazisahau kabla hujafika mlangoni. Kumkaririsha mtu sifa za mawasiliano ili awe mwasilianaji ni kumfundisha kuogelea ubaoni. Kwa hiyo wanaosema kozi hizi ni kupoteza muda, kuhusu kozi zenyewe jinsi zilivyo, wanasema kweli.

Ushahidi kwamba tatizo halikuanza na mashine upo. Mwaka 2011 wanasosholojia wawili wa Marekani, Richard Arum na Josipa Roksa, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi zaidi ya 2,300 katika vyuo 24, wakiwapima uwezo wa kuchambua, kujenga hoja na kuandika walipoingia chuoni na tena baada ya miaka miwili. Asilimia 45 hawakuonyesha maendeleo yoyote yanayoweza kuthibitika kitakwimu. Utafiti ule ulikosolewa, na baadhi ya lawama ni za haki: mtihani wenyewe haukumletea mwanafunzi alama yoyote, na asiye na cha kupoteza hajitumi. Lakini ndani yake kulikuwa na jambo lililopata kelele kidogo kuliko ile asilimia 45. Nusu ya wanafunzi walisema hawakuwa na hata kozi moja, katika muhula uliotangulia, iliyowataka waandike jumla ya kurasa zaidi ya 20. Na waliokuwa na kozi zilizodai kuandika zaidi ya kurasa hizo, pamoja na kusoma zaidi ya kurasa 40 kwa wiki, ndio walioelekea kupiga hatua. Hakuna muujiza hapo. Waliofanyishwa kazi walikua, wasiofanyishwa walibaki walipo, na kwa wastani alama zao za chuoni zilikuwa nzuri.

Niingize kisa kimoja changu, kisha niendelee. Miaka kadhaa kabla ya mashine hizi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliniletea rasimu ya ripoti. Lugha safi, aya zimepangika. Kwenye ukurasa wa pili nilikuta sentensi hizi: "Mvua zilipungua mwaka huo. Hata hivyo, mavuno yalishuka." Nikamuuliza, hii "hata hivyo" inafanya kazi gani hapa? Akaitazama kwa muda mrefu. "Mwalimu, mimi nilijua ni neno la kuanzia sentensi tu, ili insha isikae kavu." Alikuwa amepasi kozi ya mawasiliano kwa alama ya juu. Kosa lile halikuwa la lugha. "Hata hivyo" inasema mambo mawili yanapingana, "kwa hiyo" inasema moja limezaa jingine, na ripoti yake nzima ilikuwa inahusu nini kimesababisha nini. Katika miaka mitatu hakuna aliyekuwa amemsimamisha kwenye neno hilo na kumuuliza. Alikuwa akiandikiwa "vizuri" pembeni, kilemba cha ukoka, karatasi baada ya karatasi. Leo mashine ingembadilishia neno hilo kimyakimya, ripoti ingesomeka vyema, na yeye angehitimu bila kujua kwamba alikuwa hajaamua kama mvua ndiyo iliyoshusha mavuno au la.

Sasa upande wa pili, maana una hoja nzito kuliko watetezi wa elimu ya jumla wanavyopenda kukubali. Hoja kubwa ya wanaoipinga ni kwamba hakuna kitu kinachoitwa "uwezo wa kufikiri" kinachoelea hewani bila kitu cha kufikiriwa. Mwaka 1901 wanasaikolojia Edward Thorndike na Robert Woodworth waliwazoeza watu kukadiria maeneo ya mistatili, kisha wakawapa maumbo mengine. Mazoezi yale yalisaidia kidogo sana, na kadiri umbo jipya lilivyotofautiana na la awali ndivyo msaada ulivyopungua. Dai la kwamba Kilatini kinainoa akili kwa kila kazi likapata pigo ambalo halijapona. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon wakaonyesha jambo la aina hiyo kwa wachezaji wa sataranji. Bingwa akioneshwa kwa sekunde chache mpangilio uliotoka kwenye mchezo halisi, anaukumbuka kwa sehemu kubwa. Vipande hivyohivyo vikitawanywa ubaoni bila utaratibu, ubingwa wake unayeyuka, anakumbuka kama mwanafunzi wa jana. Kumbe hakuwa na kumbukumbu kali kwa ujumla. Alikuwa na sataranji nyingi kichwani. Ndiyo maana anayesema "mpe mwanafunzi fani yake kwa kina, kufikiri kutakuja humohumo" hasemi upuuzi.

Nakubaliana naye nusu ya njia. Fani ni lazima, na kina ni lazima. Nusu iliyobaki inaharibiwa na neno "kutakuja". Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanasaikolojia Mary Gick na Keith Holyoak waliwapa watu fumbo la mgonjwa mwenye uvimbe tumboni: mionzi yenye nguvu ya kuua uvimbe itaua pia nyama nzima inayopitia, mionzi hafifu haitadhuru nyama wala uvimbe. Ufumbuzi ni kupeleka mionzi hafifu kutoka pande nyingi ikutane kwenye uvimbe. Takriban mtu mmoja kati ya kumi aliuona mwenyewe. Wengine walisomeshwa kwanza kisa cha jenerali aliyegawa jeshi lake kwenye njia nyingi nyembamba ili likutane ngomeni, kisha wakapewa fumbo lile. Wengi wao hawakuunganisha, ingawa jibu walikuwa wamelisoma dakika chache kabla. Ila walipoambiwa neno moja tu, kwamba kisa kile kinaweza kuwafaa, karibu robo tatu walifumbua. Hapo pana somo lote la mtaala. Maarifa hayahami yenyewe kutoka chumba kimoja cha kichwa kwenda kingine. Anahitajika mtu wa kusema, "hili umeshawahi kuliona, ulilionea wapi?" Mhadhiri wa fani anayefundisha fani tu hasemi neno hilo. Mhadhiri wa kozi ya jumla, asiyejua fani yoyote ya wale waliojaa ukumbini, hawezi kulisema hata akitaka.

Mahali panapoonyesha jambo hili waziwazi kuliko pengine popote ni kwenye tarakimu. Mwaka 1978 watafiti walichapisha jibu la swali dogo walilowauliza madaktari na wanafunzi wa udaktari 60 katika hospitali zinazofundishia za Harvard. Ugonjwa unampata mtu mmoja kati ya 1,000. Kipimo chake huwasingizia ugonjwa asilimia 5 ya wasio nao. Mtu ambaye hujui lolote jingine kumhusu amepimwa, kipimo kimesema anao. Je, kuna uwezekano gani kwamba kweli anao? Waliojibu asilimia 95 walikuwa 27. Waliopata walikuwa 11. Chukua kalamu uone. Katika watu 1,000 mgonjwa ni mmoja, na tuseme kipimo kinamnasa. Kwa wazima 999, asilimia 5 ni kama 50. Basi walioambiwa "unao" ni 51, mwenye nao kweli ni mmoja. Jibu ni karibu asilimia 2. Hesabu hiyo haizidi kiwango cha shule ya msingi, na waliokosa walikuwa watu waliofaulu mitihani migumu kuliko wengi wetu. Walichokosa ni mazoea ya kugeuza asilimia kuwa vichwa vya watu kabla ya kutamka. Mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer ameonyesha kwamba maswali ya namna hii yakiulizwa kwa idadi ya watu badala ya asilimia, wanaopata huongezeka sana. Nisisitize hapa: stadi hii inaitwa ya jumla kwa sababu daktari, mwandishi wa habari, mkaguzi wa hesabu na mzazi anayesoma majibu ya maabara wote wanaihitaji. Lakini daktari ataishika kweli atakapoifanyia mazoezi kwenye vipimo vya wagonjwa. Akifundishwa kwa mifano ya kete na sarafu kwenye ukumbi wa watu mia nne, ataiacha humo ukumbini.

Kisa kingine ni cha huzuni zaidi. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, watengenezaji wa roketi za kusukumia chombo cha anga za juu cha Challenger, walijaribu kuzuia safari ya kesho yake. Waliogopa kwamba baridi ingezikakamaza pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi. Walikuwa sahihi, na walishindwa kushawishi. Sababu ni nyingi, zikiwemo ratiba iliyobana na wakubwa waliotaka kusikia jibu moja. Lakini tume iliyochunguza ajali iliyofuata ilibaini kwamba katika kulinganisha joto na hitilafu, zilitazamwa safari zilizopata hitilafu peke yake, na ukizitazama hizo tu, huoni mwelekeo wowote. Tume ikaziweka safari zote 24 pamoja. Zilizofanyika pete zikiwa na joto la nyuzi 19 za Selsiasi au zaidi zilikuwa 20, na hitilafu zilikuwa tatu tu. Zilizofanyika kwenye nyuzi 17 au chini ya hapo zilikuwa nne, na zote nne zilipata hitilafu. Mistari miwili hiyo ingetosha ukurasa mmoja. Chombo kilirushwa asubuhi hewa ikiwa karibu nyuzi 2, na sekunde 73 baadaye kikasambaratika na watu saba waliokuwemo. Wahandisi wale fani yao waliijua kuliko mtu yeyote chumbani. Swali "je, safari zisizopata hitilafu zinasema nini?" halimo katika uhandisi peke yake. Ni swali analopaswa kuliuliza mtu yeyote anayeonyeshwa orodha ya matukio mabaya na kuambiwa chanzo chake.

Kwa upande wa watetezi wa elimu ya jumla, kuna hoja inayonichosha, nayo ni ile ya "kumjenga mtu kamili". Inapendeza kwenye hotuba za mahafali. Ila haipimiki, haikataliki, na imetumika kufunika kozi mbovu nyingi mno. Kama kozi ya falsafa haimfanyi mwanafunzi aweze kueleza hoja ya mpinzani wake kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe angeikubali, basi hata ukamilifu wa utu haijauleta. Na lile jina la "stadi laini" lililozoeleka kwa waajiri, ningependa lizikwe. Kumwambia bosi wako kwamba tarakimu zake haziendani, ukasikilizwa na bado ukabaki na kazi, kuna ulaini gani hapo?

Tuje sasa kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo maarufu kuliko zote. Inasema: vikokotoo vilipoingia shuleni watu walilia kwamba hesabu imekufa, haikufa, na hizi mashine za maandishi nazo ni vikokotoo vya maneno. Ulinganisho huu unavutia mpaka uuguse. Kikokotoo ukikiuliza 17 mara 23 kitakujibu 391 leo, kesho na keshokutwa, na kitampa jirani yako jibu hilohilo. Unaweza kukiamini bila kukikagua kwa sababu kinafuata kanuni moja ambayo haibadiliki. Mashine ya maandishi inatabiri maneno yanayoelekea kufuatana. Mara nyingi hayo huwa pia ni ya kweli, na mara nyingine si ya kweli, na sauti yake ni ileile katika hali zote mbili. Kikokotoo kimemwondolea mtumiaji kazi ya kukagua. Mashine hii imemwongezea, kisha ikamfanya asiione.

Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho mjini New York ilipokea hati ya wakili iliyonukuu hukumu za kesi kadhaa zilizopita. Upande wa pili ukazitafuta, haukuzipata. Hazikuwahi kuwepo. Zilitungwa na ChatGPT, majina ya wadaawa, namba za majalada na vifungu vya hukumu, vyote. Aliyezitafuta kwa mashine hakuwa mwanafunzi mzembe. Alikuwa wakili mwenye uzoefu wa miaka zaidi ya 30. Na hata alijaribu kuhakiki: aliiuliza mashine ileile kama kesi zile ni za kweli, ikamhakikishia kwamba ni za kweli. Jaji akawatoza yeye, wakili mwenzake na kampuni yao faini ya dola 5,000. Sheria aliijua. Kilichomponza ni kumwuliza shahidi mmoja mara mbili, na kuhesabu kwamba amepata mashahidi wawili.

Kosa hilo lina historia kabla ya akili mnemba. Watafiti Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwakalisha mbele ya kompyuta wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo hicho, na wahakiki wa habari wa vyombo vya habari, wakawapa tovuti za kupima kama zinaaminika. Wanafunzi, na wanahistoria wengi pia, walifanya walichofunzwa miaka yote: walibaki kwenye ukurasa, wakausoma kwa makini juu hadi chini, wakapendezwa na nembo, marejeo na lugha ya kitaalamu, na mara nyingi wakadanganyika. Wahakiki hawakukaa. Baada ya muda mfupi walikuwa wameshafungua kurasa nyingine kutafuta wengine wanasema nini juu ya tovuti ile, na wakafika kwenye jibu upesi na kwa usahihi zaidi. Ni tabia ndogo, inafundishika, na ndiyo hasa ingemwokoa yule wakili. Lakini angalia ilivyo ngumu kuipima kwa insha. Insha inaonyesha ulichoandika baada ya kutafuta. Haionyeshi ulitafuta vipi, uliacha nini, wala ni wapi ulianza kushuku.

Hapo ndipo mabadiliko ya kweli yanapotakiwa, na ndiyo maana naona kozi mpya za akili mnemba zinarudia kosa la zile kozi za mawasiliano zilizoondolewa ili kuzipisha. Ziko pembeni ya fani, zinafundisha vitufe ambavyo vitabadilika kabla mwanafunzi hajahitimu, na zinapimwa kwa kuchagua a, b, c au d. Programu za kunasa maandishi nazo hazisaidii: huwasingizia wasio na hatia, na hata zingekuwa sahihi, zinajibu swali la nani kaandika na kuliacha la nani kafikiri. Mtihani wa kalamu una faida yake, ila unampima mtu kwa rasimu ya kwanza, wakati kufikiri kwa maandishi hutokea kwenye rasimu ya pili, pale unapotambua kwamba "hata hivyo" yako haina kazi. Kinachofaa kiko wazi na hakina mvuto wa kutangazwa. Katika kila mwaka wa masomo, kozi moja au mbili za fani yenyewe zidai ukurasa mmoja au miwili, si kurasa 20, kwa msomaji aliyetajwa: mgonjwa, jaji, fundi, mjumbe wa bodi. Mwanafunzi alete rasimu, isahihishwe na anayejua fani, airudie, kisha akae dakika kumi na kuitetea kwa mdomo, akiulizwa tarakimu hii umeitoa wapi na kwa nini umeiamini. Akitumia mashine njiani, atumie. Dakika kumi zile zitaonyesha kama alikuwa dereva au abiria.

Mwanafunzi ambaye chuo chake hakina mpango huo hana haja ya kusubiri. Tafuta mtu mmoja nje ya fani yako, mwenye subira, umweleze kila wiki kitu kimoja ulichojifunza mpaka aweze kukirudia kwa maneno yake. Utashangaa ni mara ngapi utakwama kwenye jambo ulilodhani umelielewa. Mficha uchi hazai, na chuoni wapo wengi wanaomaliza miaka minne bila kumwonyesha mtu yeyote rasimu mbaya.

Pingamizi moja ninalolichukulia kwa uzito kuliko mengine yote ni la gharama, na halihusiani na falsafa wala teknolojia. Mhadhiri mwenye wanafunzi 300, akimpa kila mmoja dakika 15 za kusoma na kuandika maoni yenye maana, anahitaji saa 75 kwa rasimu moja. Rasimu mbili ni saa 150. Ongeza dakika kumi za utetezi kwa kila mmoja, ni saa nyingine 50. Jumla ni saa 200 kwa kazi moja ya ukurasa mmoja, kiasi cha wiki tano za kazi ya mtu mzima, bado hajafundisha, hajatafiti, hajahudhuria kikao. Hakuna mhadhiri peke yake atakayeweza, na kumlaumu ni uonevu. Wanahitajika wasahihishaji waliofunzwa, wanafunzi wa uzamili wanaolipwa, na madarasa madogo zaidi, na vyote hivyo ni fedha inayotoka kila mwaka, tofauti na programu inayonunuliwa mara moja na kuzinduliwa kwa utepe. Kwa hiyo chuo kinapotangaza mtaala mpya wa "stadi za karne hii", kurasa za dira na malengo huwa nazipita. Natafuta kwenye bajeti ni saa ngapi za kusahihisha zimelipiwa, na ni kwa wanafunzi wangapi.